Bihogo Hajanywa

Koku mwanangu,

Umepanda pikipiki kwenda Nyakasimbi kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua shangazi yako, hatakuachia mpaka ule mara mbili na kulia mara tatu. Kwa hiyo nina nafasi. Nimeurudishia mlango wa studio, nimemkalisha mama yako kwenye kile kiti cha wateja mbele ya pazia, nami nipo kwenye meza ya kukatia picha, naandika. Mwandiko wangu unaujua; ukikwama mahali, ruka, mbele utanielewa. Kesho alfajiri basi likisimama hapa Omurushaka wewe hutakuwa na muda wa kunisikiliza, na mimi sauti haitatoka.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa, wala kuficha vyeti, wala kuwaogopa watu wa vituo vya mabasi. Hayo umeshayasikia kwa kila jirani aliyepita hapa. Wewe ni mwalimu. Umesubiri ajira mpaka tukaona aibu kuitaja mezani, na ilipokuja ikakupangia Kilwa, upande wa pili wa nchi, tena baharini kabisa. Watu wamenipa mkono wa pongezi, nami nimeupokea, nikacheka nao. Kisha nikaja huku nyuma ya pazia nikalia hadi pua ikaziba. Ukiniona kesho nimesimama wima na shati langu la kanisani, usidanganyike. Baba yako amekata tamaa, Koku. Amekata tamaa kwelikweli, na hana mwingine wa kumwambia.

Unajua ni kwa nini. Jumapili ulimpa mama yako shikamoo, akakuitikia marahaba kwa ile adabu anayowapa wageni, akakusogezea kigoda, kisha akakuuliza, "Wewe mwanangu ni wa kwa nani?"

Ukasema, "Ni mimi mama. Koku."

Akakutazama kwa huruma. "Hapana, waitu, mwenzetu. Koku wangu ni mdogo. Yuko enyanja."

Ukaenda jikoni ukachochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Nilikuona kupitia dirishani. Nilitaka kuja, nikashindwa, maana ningekuja kukuambia nini? Hospitali walishatuambia ni ugonjwa wa kusahau na kwamba hauna dawa ya kuurudisha nyuma. Mimi mwenyewe ananiita kwa jina la kaka yake siku nyingine. Lakini mimi nitakuwepo, nitamkumbusha kesho yake. Wewe unaondoka. Likizo yako ya kwanza itakapofika na ukapata nauli, na ukasafiri siku zote hizo, utaingia kwenye nyumba hii na kukuta mwanamke mwenye adabu akikusogezea kigoda. Hilo ndilo linalonimaliza.

Enyanja. Nimekaa nikiliangalia neno hili. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Kinyambo tulikisema tu, hatukufundishwa kukiandika, lakini neno hili halina mwenzake kwa Kiswahili. Kwetu maji makubwa yote ni enyanja. Ziwa ni enyanja, bahari ni enyanja. Laiti tungekuwa na maneno mawili, pengine lile pazia lingechorwa vingine, na leo ningekuwa na la kukuambia tofauti.

Hukuwahi kuisikia habari hii yote, ulisikia vipandevipande. Nilipofungua studio, mpinzani wangu pale Kayanga alikuwa na pazia la ndege. Watu walipanga foleni wapigwe picha kama wanaopanda ndege kwenda Ulaya, na wengine hawakuwahi hata kufika Bukoba. Nikasema mimi nitaweka bahari. Sikuwahi kuiona bahari, ila nilikuwa kijana na mjeuri. Nikamwita Deo, yule aliyekuwa akiandika majina kwenye maduka na nyumba za wageni, nikamkabidhi shuka za amerikani zilizounganishwa na makopo ya rangi. Deo akaniuliza bahari ikoje. Nikamwambia ni enyanja. Akasema, "Hiyo naijua."

Lakini Deo alikuwa mtu wa kufanya kazi yake vizuri. Akaenda kumuuliza dereva wa lori aliyekuwa akipakia maharage barabarani, mtu wa Tanga. Dereva akamwambia bahari ni maji ya chumvi, na haina ng'ambo. Deo akarudi amekunja uso. La ng'ambo alilikataa moja kwa moja. "Enyanja isiyo na ng'ambo? Basi hayo maji yanazuiwa na nini?" Akachora ng'ambo, yenye vilima, na kwenye vilima akachora migomba. La chumvi, hata hivyo, lilimfurahisha. Wewe umekulia hapa, unajua wafugaji wanavyohangaika kutia chumvi kwenye maji ya kunyweshea ng'ombe. Sasa mtu anakuambia kuna maji mengi hivyo, na yote yametiwa chumvi tayari! Deo hakuhitaji kuambiwa zaidi. Akachora ng'ombe wenye pembe ndefu wamejipanga ukingoni, wameinamisha vichwa, wanakunywa bahari.

Nililiangalia pazia nikaona limekamilika. Sikuona kosa lolote, mwanangu. Hakuna mtu wilaya nzima aliyeona kosa.

Babu yako mzaa mama alikuja kutoka Kihanga na fimbo yake kuliona. Mimi na mama yako tulikuwa tumeoana muda mfupi, bado ananipima, kwa sababu nilikuwa nimeacha ng'ombe nikashika kamera, na kwake huo ulikuwa ugonjwa. Alisimama mbele ya pazia muda mrefu. Akauliza, "Chumvi yote hii imetiwa na nani?" Nikasema Mungu. Akaguna. Kisha akaanza kuwataja wale ng'ombe mmojammoja kwa rangi zao, kama wafugaji wafanyavyo, na mama yako akiitikia pembeni, maana alikua akilinda ndama na hayo majina anayajua kuliko majina ya ndugu zake. Walipofika kwa yule wa mwisho kulia, mwekundu wa rangi ya udongo, mama yako akamtangulia baba yake. "Huyu ni Bihogo." Alikuwa na Bihogo wake utotoni, aliyemfuata hadi mlangoni. Babu yako akamtazama yule ng'ombe akasema, "Mbona hajanywa?"

Ilikuwa kweli. Rangi ya buluu ilimwishia Deo. Maji yalikoma kabla ya kufika kwenye kwato za Bihogo, ndiyo maana Deo akamchora ameinua kichwa, anatutazama. Nikamwahidi mzee kwamba nitanunua rangi, Deo arudi amalizie. Sikununua. Kila nilipopata fedha kulikuwa na filamu za kununua, au karatasi, au wewe ulikuwa unaumwa. Deo naye akahamia Kyerwa, na mwisho akafariki. Bihogo akabaki hivyohivyo.

Na watu walikuja, Koku! Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka zile Krismasi. Walitoka kanisani moja kwa moja, familia nzima, wakapanga mstari hadi barabarani. Na hakuna aliyewaambia wavue viatu, walivua wenyewe. Wazee wa heshima zao wakikunja suruali hadi magotini, wanasimama kwenye sakafu ya saruji, wanatazama kamera kwa uso mkavu. Mmoja alinikatalia kupiga picha mpaka nimhakikishie kwamba maji si ya kina kirefu. Nina maboksi ya picha hizo hapa chini ya meza. Ukizitazama unaweza kudhani watu wa Karagwe wote waliishi ufukweni.

Sisi tulikuwa wa mwisho, jioni, wateja wakishaondoka. Nilitega kamera nikakimbia kujiunga nanyi. Ile picha yako ya kwanza umesimama una gauni la njano umeliinua kwa mikono miwili lisilowe. Ulilia, ukasema miguu ina baridi. Mama yako alicheka hadi ikabidi nirudie picha, na katika hiyo ya pili yeye bado anacheka, amegeuza uso kwako, kwa hiyo anaonekana nusu. Mpiga picha mzuri angeitupa. Niliiweka ukutani, na ndiyo picha bora niliyowahi kupiga maishani mwangu, na usimwambie mtu mwingine.

Kisha ile siku ya shule. Mwalimu aliwaambia mchore bahari. Wewe ulifurahi, maana darasa zima wewe ndiye uliyekuwa na bahari nyumbani. Ukachora ng'ombe na migomba. Mwalimu, aliyekuwa amesoma Dar es Salaam, alilipandisha daftari lako juu darasa lote lione. Ulirudi macho yamevimba, ukasimama mbele yangu hapa mlangoni na sare zako. "Baba, kwa nini ulinidanganya?" Na mimi nikacheka. Nilidhani nikicheka litakuwa jambo dogo. Mama yako hakucheka. Alikufuta uso kwa pindo la kanga, akasema, "Mwalimu wako hajafika kwetu, ndiyo maana." Ukaridhika. Mimi nilikuwa na ukweli wote mdomoni na sikukusaidia kitu; yeye alikuwa na neno moja la uongo na ukalala usingizi.

Nilipaswa kujifunza siku ile. Sikujifunza.

Kila Krismasi, baada ya picha, mama yako alikuwa akiniuliza, "Baba Koku, lini utatupeleka pale?" Nami nilijibu mwakani. Nilisema mwakani kwa miaka yote ya utoto wako, bila nia mbaya. Nilidhani mwakani ni kitu ambacho kipo stoo, nitakwenda kukichukua nikipenda. Siku hizi haulizi tena, kwa sababu kichwani mwake tumeshafika. Picha zetu zote za familia zimepigwa enyanja, na sasa mengine yamefutika, zimebaki picha. Amejumlisha mwenyewe. Anaamini tuliishi huko, wewe ukiwa mdogo na mimi nikiwa na nywele, na kwamba kuna mtu alituhamisha akatuleta huku kwenye vumbi. Ndiyo maana jioni anafunga mzigo wake wa kanga na kwenda barabarani. Majirani wanamrudisha. "Mama Koku, unakwenda wapi?" "Nyumbani. Mtoto yuko peke yake kwenye maji."

Mwanzoni nilimrekebisha. Hili naliandika kwa uchungu, soma polepole. Niliamini kwamba nikimwambia ukweli kila siku, kwa sauti ya kutosha, utaingia. Nilimwonyesha ukuta, nikamwonyesha misumari iliyoshika pazia. Nikampapasisha kitambaa. "Hii ni amerikani, Mama Koku. Ni rangi. Deo ndiye aliyechora." Naye akilia kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake imeungua. Nilikuwa sahihi kila siku, Koku, na kila siku alinitoroka zaidi. Mwisho nikachoka. Simu zilikuwa zimeshachukua wateja, nilikuwa nimebaki na picha ndogo za vitambulisho, nazo zinataka ukuta mtupu. Nikaling'oa pazia, nikalikunja, nikalitupa nyuma.

Halafu msimu wa kahawa turubai letu likachanika. Mvua zilikuwa zinakaribia kuanza na kahawa haijakauka. Nikachukua pazia nikalitandaza uani, nikamwaga kahawa juu yake ikauke. Wewe ulikuwa Bukoba ukifuatilia mambo ya ajira. Nilipotoka ndani baada ya chai nilimkuta mama yako ameshika ufagio, anafagia kahawa yangu. Yote. Anaisukuma kwenye vumbi, kuku wanaikanyaga. Nilipiga kelele ambayo sitaki uijue. Hakugeuka. Alifagia mpaka maji yote yakaonekana, akatupa ufagio, akapiga magoti pale kulia, akaweka kiganja kwenye ile sehemu nyeupe ambayo Deo hakumalizia.

Akasema, "Bihogo hajanywa."

Akasogea kidogo, akapapasa pengine. "Koku alisimama hapa. Aliinua gauni lisilowe." Akacheka kicheko kilekile cha kwenye picha. Alikuwa hajalitaja jina lako tangu kahawa ikiwa mbichi mtini. Nilikaa chini kwenye vumbi, mzee mzima, nikamuuliza ulikuwa na gauni la rangi gani, akaniambia la njano. Nikamuuliza kuhusu siku ya shule, akaniambia. Nikamuuliza jina langu, akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, akanitajia.

Ndiyo maana uliporudi ulilikuta pazia ukutani tena, lina madoa ya kahawa mbinguni. Uliniuliza kwa nini nimetundika kitu kichafu hivi, nikakujibu ni biashara. Hakuna biashara. Nimelitundika kwa sababu mama yako anaishi mle ndani.

Na baada ya kuyajua hayo yote, bado nikarudia kosa. Juzi ulimletea simu, ukamwonyesha picha za bahari ya Kilwa. Ulifanya jambo jema. Ulipiga magoti mbele yake ukasema, "Mama, huku ndiko ninakoenda." Akaitazama kwa makini, akaigeuza, akatafuta kingo zake. "Ng'ombe wako wapi?" Nawe ulinigeukia mimi, macho yako yakiniomba msaada. Kisha mjinga mimi nikasema, "Mama Koku, bahari haina ng'ombe." Uliona kilichotokea. Aligeukia ukuta, hakula mpaka kesho yake. Ulinikasirikia na ulikuwa na haki. Nilikuwa nimechoka, ndiyo, lakini si hilo tu. Nilikuwa nimekasirika kwamba unaondoka, na sikuwa na mwingine wa kummwagia hasira hiyo.

Kwa hiyo nikajaribu kutengeneza. Jana ulipokuwa unafunga begi, nilikaa karibu naye hapahapa, nikamshika mkono, nikajifanya nimetoka safari. Nikamwambia, "Mama Koku, nimetoka enyanja. Bihogo amekunywa." Nilidhani nimekuwa mjanja. Alinitazama kuanzia viatuni hadi kichwani.

"Wewe umejuaje?" akasema. "Hukwenda."

Hukwenda! Mwanamke asiyejua leo ni siku gani, lakini hilo analijua. Zile mwakani zangu zote ziko mahali fulani ndani yake, hazikufutika. Ni kweli, sikwenda.

Sasa nikuambie jambo ambalo baba hapaswi kumwandikia mtoto aliyeshafunga begi. Usiende. Kaa hapa. Iache Kilwa na watoto wake, watapata mwalimu mwingine, mimi sitapata Koku mwingine na mama yako anakumbuka nusu tu ya huyu aliyepo. Mungu alitupa wewe peke yako. Nikibaki hapa na yeye na pazia, nani atanithibitishia kwamba yale yote yalikuwepo, gauni na kicheko na wale wazee waliokunja suruali? Siku nyingine, akiniita kwa jina la kaka yake, mimi mwenyewe najikuta naitika. Naogopa, mwanangu. Naogopa sana.

Haya. Limetoka. Ningeweza kulikata kwa kalamu, lakini nimeliacha, maana ukilikuta humu usiku wa leo, begi limeshafungwa, hutaweza kulitii, na hivyo ndivyo ninavyotaka.

Nilikuwa nimefika hapo, nimeweka kalamu chini nikijifuta uso, mama yako aliponiuliza. Nakuandikia kama ilivyotokea, yapata muda wa kunywa chai. Jua lilikuwa limeingia dirishani likaangukia pazia.

"Unaandika nini siku nzima?"

"Namwandikia Koku."

"Koku anakwenda wapi?"

Kwanza nilitaka kusema Kilwa. Nikajizuia. "Anakwenda enyanja."

Akainuka, Koku. Akakaza kanga yake kiunoni, akasogea hadi kwenye pazia, upande wa kulia, akasimama huku amenipa mgongo. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya zamani ya kutoa kazi asubuhi: "Basi mwambie aanze na Bihogo. Hawa wengine wamekwisha kunywa. Yule amekaa na kiu muda mrefu."

Amerudi kukaa. Sasa hivi anasinzia, mkono shavuni.

Kwa hiyo nenda. Nimelikunja lile neno langu la "usiende" nimelitia mfukoni. Mimi hawezi kuniamini, na ana sababu. Wewe unakwenda kweli, na yeye amekutuma. Kesho alfajiri usije kumuaga kitandani, atakusogezea kigoda tu, na utapanda basi na hiyo. Pitia humu studio. Nitakuwa nimemleta, nitakuwa nimewasha taa. Vua viatu, simama pale ulipokuwa ukisimama, karibu na Bihogo, ushike gauni lako kidogo. Najua una umri gani na utaona haya, fanya hivyohivyo. Nitawapiga picha. Akigeuza uso akuangalie, na nusu ya uso wake isionekane, sitarudia.

Na ukifika huko, usiniletee picha za mahoteli wala za jua linalozama. Siku ya kwanza utakayopata nafasi, nenda hadi kwenye maji, uingie, yakufike hata kwenye vifundo vya miguu. Onja kama yana chumvi kweli, babu yako angetaka kujua. Kisha piga simu. Usiniulize mimi hali, nitakuwa nimeshaiweka simu sikioni kwake. Usianze na shikamoo, ukianza hivyo utakuwa mgeni. Usimwambie wewe ni Koku, hilo atalikataa. Mwambie kwa Kinyambo, bila haraka, huku umesimama majini, kwamba Bihogo amekunywa.

Atakuuliza umejuaje. Mwambie ulikuwepo.

Halafu nyamaza, mwanangu, usikilize atakuitaje. Mimi nitakuwa hapo pembeni nimeshika ile simu, nasikiliza pamoja nawe.

Baba yako.